Swabir Alinishika

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mitungi arubaini na miwili leo. Mgongo wangu wajua hesabu kuliko mimi. Wageni wa asubuhi, wageni wa adhuhuri, na kompresa ya kujazia hewa imekoroma kutwa. Mpaka sasa masikio yanavuma.

Lakini kuna habari! Abdulwahab, meneja wetu, ametuita mimi na Swabir nyuma ya stoo. Anataka msaidizi mmoja wa mwalimu kabla ya Ramadhani. Si wa kubeba mitungi — wa kuzama na wageni! Mwalimu Mwanasha atatupima. Kuzama tunajua sote wawili, karatasi tunazo, kilichobaki ni boya. Atakayelipandisha safi mara tatu baharini ndiye atakayeanza. Mwingine angoje msimu ujao.

Boya lenyewe ni mfuko mrefu wa rangi ya chungwa. Hapa kazini tunauita soseji. Ukiwa chini ya maji unautia hewa kidogo, unapanda wenyewe, unavuta kamba kutoka kwenye rili, kile kigurudumu cha kamba ulichokishika. Nahodha akiliona boya anajua mko hapo, na boti nyingine hazitawapita vichwani. Ni hivyo tu. Kusema ni rahisi.

Nina miaka thelathini na mitano. Darasa la sita niliacha katikati. Nimetoka Samburu, hii yetu Waduruma, ya Kinango, ya malori na mbuzi, na kabla ng'ombe hawajafa kwa ukame sikuwahi kulowa zaidi ya magoti. Swabir ana ishirini na sita. Ni wa Msambweni, wajomba zake wote ni wazamiaji wa pweza. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, miaka mitatu iliyopita, maji yakiwa yamekupwa, akinishika tumbo kama mtoto mchanga. Watu wa hoteli walisimama ukutani kutucheka. Swabir naye alicheka, lakini hakuniachilia.

Nampenda Swabir. Na kazi hii naitaka mimi. Nimeandika.


Jumatano, 5 Februari

Leo bwawani, kabla wageni wa hoteli hawajaamka.

Mwanasha hapandishi sauti. Ni mfupi, amevaa nguo yake nyeusi ya kuzamia mpaka kichwani, na akikutazama unahisi soksi zako zina tundu hata kama hukuvaa soksi.

Nimekosea mara mbili, kosa lile lile. Nikishika rili, mkono wa kushoto unaizungusha kamba kwenye kiganja. Raundi mbili. Hata sijui unaanza saa ngapi. Mwanasha amenivuta nje ya maji.

"Wafunga nini, kaka Mramba? Wamfunga ng'ombe?"

Swabir nusura azame kwa kicheko.

Nimemweleza mwalimu. Kwetu kisima ni kirefu. Kamba ikikuponyoka, ndoo imekwenda, na siku hiyo nyumbani hakuna maji ya uji. Mtoto anafundishwa kabla hajajua kuandika jina lake: zungusha mkononi mara mbili, ndipo uteremshe. Mimi nilipoteza ndoo mara moja tu maishani. Mama alikwenda kuazima kamba kwa jirani, akanipiga kwa hiyo hiyo.

Mwanasha alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kisimani ndoo inakwenda chini na mimi niko juu. Hapa mimi niko chini na kitu kinakwenda juu.

"Rili ikikwama, achia. Boya ni la duka, mapafu ni yako. Kamba haizungushwi mkononi. Umenisikia?"

Nimesikia.

Mara ya tatu sawa. Ya nne sawa. Ya tano mkono ulianza tena, nikauzuia.


Alhamisi, 6 Februari

Baharini. Mara ya kwanza — safi! Kamba ilitoka kwenye rili kama uzi wa cherehani. Swabir naye moja.

Matano, nahodha wetu, alitungoja juu. "Nimeona kitu chekundu kimesimama, nikadhani mgeni amekufa! Kumbe ni Mduruma anatusalimu!"

Kwa Matano, chungwa na nyekundu ni rangi moja.


Ijumaa, 7 Februari

Swabir ametimiza mbili kabla ya kwenda msikitini. Mimi nimetimiza mbili baada ya chakula. Kesho.


Jumamosi, 8 Februari

Swabir yuko Mombasa. Mguu wa kushoto hausikii. Mimi niko chumbani Ukunda, mzima. Siwezi kuandika.


Jumapili, 9 Februari

Nimekaa tangu asubuhi na daftari. Kanisani sikwenda. Niandike kama ilivyokuwa, maana kwingine kote nimeshaiharibu.

Jana Swabir alikuwa amezama mara mbili kabla ya mzamo wetu wa boya. Mara ya kwanza na wageni, kina kirefu. Mara ya pili nanga ilinasa mwambani, Matano akaomba mtu wa kuinasua, Swabir akajirusha. Mwanasha alimwuliza kama apumzike, boya lingoje Jumatatu. Swabir akasema yu mzima, twende tumalize. Nami sikusema ngoja. Nilitaka iishe.

Tukashuka watatu. Maji yalikuwa na vumbi, mkondo umetibua mchanga. Tulipofika mita kumi na tano, kwenye kupanda, Mwanasha akanionyesha kidole: anza wewe. Yeye alikuwa chini yetu kidogo.

Nikaikunjua soseji. Nikashika rili. Nikaona mkondo unanisukuma, nikaogopa kuipoteza rili mbele ya mwalimu, mara ya tatu, mara ya mwisho. Na nikaizungusha kamba mkononi.

Hapa ndipo nisiandike uongo. Jumatano mkono ulijizungushia wenyewe. Jana si hivyo. Jana niliujua mkono wangu. Niliuona ukizunguka raundi ya kwanza, nikasema moyoni itashika vizuri zaidi, nikaongeza ya pili.

Nikatia hewa — nyingi kupita kiasi. Boya likaruka. Kamba ikakaza kwenye kiganja, nami nikaondoka nalo kama mbuzi aliyefungwa kwenye lori. Sikuweza kuachia. Cha kuachia hakikuwapo, nilikuwa nimejifunga.

Swabir alinishika. Kwanza mguu, kisha kiuno. Angeweza kuniacha niende peke yangu, yeye akabaki chini na mwalimu, akapanda polepole kama inavyotakiwa. Alinishika, akaniparamia mpaka begani, akavuta kamba ya kutoa hewa kwenye jaketi langu ili tusiende kasi zaidi. Tukapanda wote wawili. Pumzi tatu, nne, tukatokeza juani.

Juu akacheka! "Mduruma, umeruka kama roketi!" Akauona mkono wangu. Kiganja kimekuwa zambarau, vidole vimevimba. Akaifungua ile kamba yeye mwenyewe, raundi moja, raundi ya pili, pole pole ili isinikate. Akaikunja kwenye rili vizuri kama ya dukani.

Mwanasha alitokeza baada ya dakika kadhaa, kama kanuni inavyosema. Wakati huo Matano ameshatuvuta botini. Swabir akaanza kujikuna mkono. Kisha bega. Kisha akasema mguu unakufa ganzi. Akajaribu kusimama, akakaa chini kama gunia. Matano hakufanya mzaha tena. Alifungua oksijeni, akamvika ile barakoa ya mdomoni, akawasha mashine zote mbili.

Na hapo, boti ikipiga mawimbi, Mwanasha akanishika mabega. "Imekuwaje? Nimeona miguu tu, nimeona amekukamata, mmepotea. Imekuwaje, Mramba?"

Nikasema, "Swabir alinishika."

Akangoja niendelee.

Nikasema, "Alinishika, tukapanda wote."

Mwanasha akafumba macho. Akasema polepole, "Ametaharuki. Mzamo wa tatu. Mimi ndiye niliyemruhusu." Nami nikatazama pembeni.

Sikusema uongo hata neno moja. Nimelipima neno hilo tangu jana, kila upande ni kweli. Kwa nini basi sili?

Swabir alikuwa amelala pale pale, barakoa usoni, macho wazi.


Jumatatu, 10 Februari

Wamemtia kwenye chumba cha shinikizo Mombasa. Ni kama mtungi mkubwa, mtu analala ndani wanamshindilia hewa, ili vile viputo vilivyoingia kwenye damu, kwa kupanda kasi baada ya mizamo mitatu, vinywee. Masaa matano jana, masaa matano leo. Abdulwahab anasema mkono umepona, mguu bado.

Ameniita ofisini niandikiwe maelezo. Yeye ndiye aliyeandika, mimi nasema. Swabir alikushika wapi? Mguuni, kisha kiunoni. Uliweza kupandisha boya? Lilipanda. Alikuwa na wasiwasi kabla ya kushuka? Nikasema alikuwa amechoka. Aliandika: *alitaharuki akamkamata mwenzake*. Akanisomea. Akaniuliza ni sawa. Nikatia sahihi.

Mkono uliotia sahihi ni wa kulia. Wa kushoto nimeufunga kitambaa.

Matano alinikuta nikisuuza vifaa kwenye pipa. Akakishika kile kitambaa, akakishusha kwa kidole. Mstari mwekundu umezunguka kiganja kama bangili.

"Hiki nini?"

"Mtungi ulinibana."

"Mtungi wa duara mbili?"

Akakirudisha kitambaa mahali pake, akakiweka sawa kabisa, akaenda kwenye boti yake. Tangu hapo haniiti Mduruma. Ananiita Mramba. Sikujua jina langu laweza kuumiza.


Jumatano, 12 Februari

Nimeomba ruhusa nikaenda kumwona. Njia nzima nimepanga maneno. Kwenye kivuko cha Likoni nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio.

Swabir yuko kitanda cha dirishani. Amepungua. Alinipa mkono, akatazama wa kushoto, akauliza, "Kidonda kimekauka?"

Kidonda! Yeye mguu hauendi, auliza kidonda changu.

Nikasema kimekauka. Nikakaa. Akasema alitaka kukata kamba lakini kisu alikuwa amempa Matano wakati wa nanga. Akasema alidhani naizungusha kwa muda tu, nitaitoa. Anasema kama mtu anayeeleza mchezo wa mpira.

Kisha: "Umewaambia nini?"

"Nimesema ulinishika."

Akageukia dirisha. Akakaa hivyo. Mabega yakatikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kibaya, kikavu.

"Kweli. Nilikushika."

Nikaanza, nasema nilianza — "Swabir, ndugu yangu" — na mlango ukafunguka. Mama yake. Bi Maimuna, na kapu la chakula, buibui limejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Mramba?" Akaweka kapu chini, akanishika uso kwa mikono miwili. Viganja vyake vina harufu ya nazi. "Mungu akulipe. Wameniambia ulikuwa naye. Wameniambia mwanangu alishikwa na hofu huko chini, na wewe ndiye uliyetoka naye juu."

Nilimtazama Swabir. Swabir alitazama dari.

"Sijui hofu hiyo aliitoa wapi," mama akasema. Sasa alikuwa akiongea na kapu, anatoa bakuli. "Babu yake alizama mpaka meno yalipoisha. Ndugu zangu wanazama. Huyu nimemzaa ufukweni. Kaka yangu mkubwa amesema hadharani, mbele ya watu, mtoto huyu ametutia aibu, amemng'ang'ania mwenzake kama mgeni wa bara." Akakumbuka mimi ni nani. "Usinielewe vibaya, baba."

"Sijakuelewa vibaya, mama."

Akanipakulia. Wali na samaki wa kupaka. Na nikala! Nimekula sahani nzima mbele yao, nikasema ahsante, nikasema ni tamu. Ilikuwa tamu kweli.


Ijumaa, 14 Februari

Nimesema.

Nilimngoja Abdulwahab atoke kuswali, nikamfuata ofisini, nikafunga mlango. Nikaufungua mkono. Nikamwambia yote: kisima, Jumatano, raundi mbili, Swabir kunifungua.

Alisikiliza akiwa amesimama. Akakaa. Akavua miwani.

"Mwanasha alikuonya kuhusu kamba?"

"Ndiyo. Jumatano."

"Nani mwingine anajua?"

"Swabir. Labda Matano."

Akasema ripoti imeshaondoka. Watu wa bima wameisoma, wameikubali, na ndio wanaosimamia matibabu. Akasema nifikirie: sasa aandike upya kwamba mtu wake alionywa siku tatu kabla, akapewa kamba tena? Watauliza mwalimu ni nani. Watamnyang'anya Mwanasha cheti. Watafunga mlango ule, na watu kumi na mmoja wanakula kwenye mlango ule.

"Kosa la kutaharuki ni kosa la binadamu," akasema. "Hili lako ni kosa la duka. Umenielewa, ndugu yangu?"

Nikauliza, na Swabir?

Swabir akipona atamtafutia kitu. Getini, au mapokezi. Majini hawezi kumrudisha, mtu aliyemkamata mwenzake. Imeandikwa.

Kisha akafungua kabati, akanipa fulana mpya ya bluu, imeandikwa mgongoni kwa Kiingereza kwamba mimi ni wa timu ya kuzama. Akaniambia Jumanne naanza.

Nitaandika jambo ambalo sitamwambia mtu. Nilipotoka mle ofisini niliona afueni. Ndiyo! Kifua kilifunguka. Nimeshasema, sivyo? Nimemwambia mkubwa, na mkubwa ameamua. Nilipiga mluzi mpaka kwenye kompresa. Nikamwona Mwanasha amekaa peke yake kwenye ngazi ya bwawa, miguu majini, anatazama miguu. Mluzi ukaisha.

Akaniambia amekuwa akifikiri jinsi alivyomfundisha Swabir. Wapi hakuona dalili za woga. "Miaka mitatu nimezama naye, Mramba. Mimi ni mwalimu gani?"

Nikamwambia asijilaumu. Nilisema hivyo. Mimi.


Jumanne, 18 Februari

Wageni wanne, Wajerumani. Mkondo mdogo, maji mazuri. Nikapandisha boya mita kumi. Rili kwa vidole viwili. Safi kabisa. Wageni chini ya maji walinipigia makofi, yale makofi yasiyo na sauti.

Mwanasha ametia saini ya boya langu la tatu.

Ndoano aliyokuwa anatundikia nguo zake Swabir sasa ni yangu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, nimesugua kwa mafuta ya taa. Limebaki *bir*.


Jumatano, 19 Februari

Jumwa amepiga simu jioni, mke wangu. Amewaambia watu wote wa Samburu habari ya kazi yangu mpya. Mama mkwe anataka kujua kama kweli chini ya bahari kuna barabara. Mtoto wa mwisho anauliza kama nitaleta samaki akiwa hai. Ameongea, ameongea, kisha akasema: mbona huchangamki?

Nikamwambia. Sikupanga. Yalitoka tu, na muda wa maongezi ulikuwa unakaribia kuisha, nikawa nasema mbio, kama mtu anayekimbia mvua.

Hakunilaumu. Nilingoja anilaumu. Nikasikia kengele za mbuzi wakiingia zizini.

Akauliza, "Na mama yake anajua?"

Nikasema hapana. Anadhani mwanawe aliogopa.

"Na anakula nao watu hao wanaomwambia hivyo?"

Simu ikakatika.


Ijumaa, 21 Februari

Swabir ametolewa hospitali, yuko kwao. Anatembea na fimbo mbili. Matano ndiye aliyeniambia, bila kunitazama, anapangusa kioo cha boti. Kila siku ya kazi mama anampeleka hospitali ya Msambweni kwa mazoezi ya mguu.

"Ana hamu ya kuona watu," Matano akasema. "Wajomba hawaji."

Mapumziko yangu ni Jumatatu.


Jumatatu, 24 Februari

Naandika hapa hapa Msambweni, kwenye benchi la nje ya chumba cha mazoezi. Saa nne na nusu. Sijawahi kuandika nikiwa na mtu kando yangu.

Nimefika mapema kuliko wao. Wakaja, Swabir katikati ya fimbo zake, mama nyuma amebeba viatu vyake. Swabir aliniona kutoka mbali, akasimama. Nikadhani atarudi. Kisha akaja. "Mduruma," akasema. Tu. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Mtaalamu akamwita, akaingia. Mlango wameuacha wazi kwa joto. Namwona kati ya vyuma viwili, anashika kulia na kushoto. Mtaalamu anahesabu: inua, shusha, inua, shusha. Mguu wa kushoto unachelewa kila mara, kama unafikiria kwanza.

Nimebaki na Bi Maimuna. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilisema, "Mama, siku ile botini," akasema, "Usijisumbue, baba, yamepita, hebu shika embe." Mara ya pili nikaishia kulisifu embe. Ndipo nikatoa daftari, ili mikono iwe na kazi. Nimeandika haya.

Sasa ananitazama.

"Waandika nini, mwanangu, tangu tumekaa?"

Nimemwambia ni mambo yangu tu. Ya kazini. Ya kila siku.

"Kila siku?" Amefurahi. "Mimi sikusoma. Baba aliona shule ni ya wavulana. Swabir alikuwa ananisomea barua zikija, sasa ana hasira, hata simu hanisomei." Ameangalia karatasi, amegusa mstari kwa kidole, mahali jina lilipo, hajui. "Mwanangu umemwandika humu?"

"Nimemwandika, mama."

"Mengi?"

"Mengi."

Amekaa vizuri. Amelaza mikono mapajani. Mle ndani kuhesabu kumekoma. Swabir amesimama kwenye vyuma, jasho linamtiririka, anatazama daftari. Ameyasikia. Mtaalamu anamwambia aendelee, na yeye haendelei.

"Basi nisomee," mama anasema. "Maliza hiyo unayoandika, kisha unisomee. Usianze na mambo ya duka. Anza pale alipo mwanangu."

Nimemwambia nakuja, mama, namalizia mstari.

Narudisha karatasi nyuma. Kumi na nane. Kumi na nne. Kumi na mbili. Tarehe tisa ni hii hapa, raundi mbili zote zimo, na yeye anangoja